Kabla Oveni Haijapakiwa

Binti yangu Minza,

Nakuandikia hapa jikoni kwenye mesi, nimekaa juu ya kreti la soda, karatasi nimeiweka juu ya ule ubao unaokatia mkate. Usishtuke. Mama yako hajanifukuza nyumbani, ingawa jioni alinitazama kama mtu anayelifikiria jambo hilo. Oveni inawaka mbele yangu. Imewaka kitambo sasa, sufuria ya maharage ingekuwa imeiva, lakini bado siiamini. Nimeamua niandike mpaka izime, au karatasi ziishe, au nisikie lori la kuichukua. Ikizima nitakuambia humu humu.

Najua umelala na hasira zako. Tangu mchana unanipa ile shikamoo ya midomo tu, unaitupa mlangoni huku ukiondoka, na mimi nakuitikia marahaba nikiwa nimekunja uso. Vichwa vigumu viwili katika nyumba moja. Na Sista Agata alisema wazi tukiwa wote tumesimama hapa: kesho asubuhi, kabla ya kupakia, oveni iwashwe mbele yake. Ikikataa itabaki Geita. Na ikibaki, hospitali yao kule upande wa Kishapu haina kazi ya kumpa mwokaji mikate, kwa hiyo na wewe utabaki. Mimi ndiye niliyeambiwa niitazame. Usingizi nitaupata wapi?

Mambo ya kula vizuri, ya kutotembea peke yako gizani, ya kusalimia wakubwa hata wasipoitikia, mama yako ameshakupa yote, mengine kayarudia mpaka umeziba masikio. Sina la kuongeza huko. Nataka kukueleza habari za moto, kwa sababu ndio kitu pekee ninachokijua vizuri, na ndio huo huo nilioukosea.

Mayu, bibi yako, ulimkuta ameshazeeka, moto wake hukuuona ulivyokuwa. Pale kijijini kwetu Didia moto wa mama yangu haukufa. Usiku aliyafukia makaa majivuni, alfajiri akayafukua, akaweka vijiti, akapuliza, siku ikaanza. Na nje kulikuwa na shikome, pale baba yangu na wanaume wenzake walipokaa jioni kuota moto wa mavi ya ng'ombe. Kazi ya kuutunza moto ule nilipewa mimi. Siku moja mchezo ulininogea, niliporudi nikakuta majivu matupu. Baba hakunipiga. Alinipa kigae, akaniambia niende kwa jirani nikaombe moto, na jirani mwenyewe ni yule tuliyekuwa tumegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nilisimama uani kwake na kigae changu. Mkewe akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kisimani, "Kwenu moto umekufa? Mayu wako anaumwa?" Nilirudi na kaa moja likifuka juu ya kinyesi cha ng'ombe, na machozi yakinitoka, nikisingizia moshi.

Tangu siku ile moto ukififia mbele yangu, mwili wote unaamka kabla akili haijaamka. Nakinga upepo, naongeza kuni, napuliza. Ndivyo nilivyopata jina hapa mesi enzi za jiko la kuni. Waliponiajiri walisema huyu Msukuma hajui kupamba meza, lakini moto wake haulali. Nilijivuna sana. Sikujua kwamba kitu hicho hicho siku moja kingekuumiza wewe.

Unakumbuka oveni ilivyokuja kutoka Mwanza na mitungi yake mirefu ya gesi. Fundi aliyeileta alimweleza Bwana wa mesi kwa Kiingereza, muda mrefu, akionyesha huku na kule. Bwana akanigeukia mimi, yote yale akayafanya maneno machache: "Hapa fungua, hapa washa, kwisha." Nami nikaitikia ndiyo Bwana, kwa kuwa sikutaka kuonekana mshamba mbele ya kitu kipya. Hilo nalo ni kosa, kubwa tu. Ningeuliza hata swali moja. Ningeuliza tu, je, ikizima?

Ilizima, wiki ile ile. Upepo uliingia dirishani, moto ukafa, na wageni walikuwa wameshakaa mezani. Nikafanya kama mtoto wa Didia. Nikafunga madirisha yote ili upepo usiingie. Nikafungua koki mpaka mwisho, nikidhani nauongezea moto chakula. Nikapiga kiberiti, njiti ikavunjika, nikatafuta nyingine. Wakati wote huo gesi ilikuwa inajaa mle ndani kimya kimya, na wewe ukawa unakuja nyuma yangu na trei ya mikate mibichi. Mlio siukumbuki. Nakumbuka mlango wa oveni ukiwa sakafuni, na wewe umeinua mkono mbele ya uso wako.

Mimi niliunguza nyusi, na watu walinicheka mpaka zikaota. Mkono wako hakuna aliyeucheka. Mama yako alipouona hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Baba Minza, moto umekuzidi akili?" Nikamwahidi pale pale kwamba hutasimama tena mbele ya oveni hii mimi nikiwa sipo. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikinisukuma nilipokukatalia Jumapili. Unilaumu, lakini ujue ilikotoka.

Halafu ukarudi, mkono bado umefungwa kitambaa. Nilikuwa nimeshaikataa oveni, napika kwenye kuni nje kama zamani, na Bwana ananung'unika. Ukaingia, ukaiwasha, ikawaka, baadaye ikazima. Mimi nikaruka na kiberiti mkononi. Ukanishika shati. Ukasema, "Baba, huu si moto wa Mayu. Ukifa, uache ufe." Ukafunga koki, ukafungua milango na madirisha yote ili gesi itoke, ukanitoa nje mimi baba yako mzima kama unafukuza mbuzi. Ukakaa kwenye ngazi ukaimba ule wimbo wetu wa kulimia, wote, mpaka kipokeo cha mwisho, tena polepole kama watu waliochoka jua. Ulipomaliza ndipo ukaingia kuwasha. Kila ilipozima ukaimba hivyo hivyo. Watumishi wa mesi wakajua, Minza akiimba, mikate itachelewa.

Sikukwambia siku ile nilivyoteseka pale kwenye ngazi. Kuuacha moto umekufa na mimi nimekaa tu! Nilijiona nimeshika kigae tena. Nilikuwa nakusikiliza wimbo huku naomba uuharakishe.

Basi, miezi imepita, mesi ikaletewa oveni ya umeme, hii ya gesi ikasukumwa pale pembeni. Sista akaja kuiomba. Siku aliyokuja ulikuwa umetoa mikate kwenye hiyo ya umeme, akauvunja mmoja, akala, akauliza nani kaoka. Akataka oveni na mwokaji wake. Nilikubali papo hapo kwa kuona fahari. Usiku nikauona mkono wako, nikakataa. Ukanibembeleza, nikakubali. Jumapili tukitoka kanisani, watu wamesimama, nikakataa tena, na safari hii kwa sauti. Ukaniambia, "Baba, unanifukia majivuni." Sijui kama ulimuwaza Mayu uliposema vile. Mimi nilimuwaza. Nilikuwa sijawahi kujiuliza kaa linajisikiaje kule chini.

Mama yako akanisema mpaka nikanyamaza, na kunyamaza kwangu wote mkakuchukua kuwa ndiyo. Sikuwa nimesema ndiyo.

Ngoja. Nimesimama kuitazama. Imecheza kidogo, nadhani ni upepo wa mlangoni, maana nimeacha mlango na madirisha wazi na baridi inanila. Moto bado ni wa buluu. Naendelea.

Leo mchana ulipoiwasha mbele ya Sista, uliona mwenyewe. Moto ulitoka wa njano, ukayumba, ukakohoa, ukafa. Ukafanya vizuri kila kitu. Ukafunga, ukafungua, ukamtoa Sista nje, ukaimba, naye akatazama saa yake. Ukarudi kuwasha, ikawa vile vile. Na safari hii hukuitazama oveni. Ulinitazama mimi. Ukasema mbele ya watu wote, "Baba, umeifanya nini?"

Sikuifanya kitu, Minza. Nakuapia kwa kaburi la Mayu, mkono wangu haukuigusa. Lakini nitakuambia kilichoniuma zaidi ya swali lako. Ilipokufa mara ya pili, nilifurahi. Nilifurahi moyoni kabisa, nikaona Mungu amenisaidia. Na nikamwambia Sista, "Imezeeka, Sista, vitu hivi vina umri wake," hali nauona moto ule wa njano na najua maana yake. Gesi ilikuwepo, ilikosa hewa tu. Uzee haukuhusika. Wewe nawe ulijua, ndiyo maana uliondoka bila kuaga.

Jioni mama yako aliniwekea ugali mbele yangu akasema, "Kula, halafu uende ukaitazame. Kama imekufa kweli, rudi uniambie nilale. Kama haijafa, usirudi." Nikala haraka. Sikuwa na njaa.

Nilianza mbali, kama mtu asiyetaka kufika. Niliutikisa mtungi, mzito. Nilipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi tangu mtungini mpaka nyuma ya oveni, hakuna povu lililovimba, mpira mzima. Nikaifunga koki, nikaivuta oveni kutoka ukutani, nikalala chali na kuchungulia kule chini, pale gesi inapoingia kwenye bomba lenye matundu. Unajua kuna mdomo pembeni wa kuvuta hewa. Nikatia kidole. Udongo. Nyigu wale wanaojenga kwa udongo walikuwa wamejenga humo tangu tulipoiacha oveni bila kazi, nyumba nzuri kabisa, imekauka, mdomo wote karibu umezibwa. Kazi ya kuitoa ni spoki moja ya baiskeli na uvumilivu kidogo.

Spoki ninayo, iko kwenye droo ya visu. Niliichukua. Nikasimama nayo.

Sitaki ufikiri nilisimama kidogo. Nilifikiri hivi: hakuna aliyeona. Nikisema imekufa, imekufa. Sista atapanda lori kwa huzuni, wewe utalia wiki, halafu utazoea, utaoka mikate hapa kwenye umeme, nami nitakuwa karibu, na mama yako nitakuwa sijamvunjia ahadi. Kila nilichofikiri kilikuwa kizuri. Hiyo ndiyo iliyonitisha, kwamba hakikuwa na ubaya hata kidogo nilipokitazama.

Mzee Ramadhani, askari wa usiku, alikuwa akipita na rungu lake, akaona taa. Akasimama mlangoni.

"Baba Minza, unaitengeneza au unaiharibu?"

Nikamwambia, "Sijui bado."

Akacheka. Alipoona mimi sicheki akakaa pale kizingitini, akaweka rungu chini. Akanisimulia jambo ambalo miaka yote ya kazi hapa sikuwahi kulisikia kwake. Kijana wake alitaka kwenda Kagongwa na wafanyabiashara wa ngozi. Yeye hakutaka. Hakugombana naye, alichukua tu sanduku lake la nguo akalifungia, ufunguo akauvaa shingoni. Aliona amemaliza kazi.

"Akafanyaje?" nikamuuliza.

"Akaondoka bila sanduku," akasema. "Lipo mpaka leo. Nguo zimeliwa na mende. Mwenyewe hajarudi kuliulizia."

Akanyanyuka, akaokota rungu, akaniambia baba mwenzangu usiku mwema, akaenda zake kuzunguka maghala. Nikabaki na spoki yangu. Nikakuona, Minza, ukitembea kwa miguu kwenye barabara ya Kahama bila oveni, bila mimi, bila kuaga. Ungefanya. Nakujua, umetoka kwangu. Nikalala chali, nikaanza kuchokonoa.

Udongo ulinimwagikia usoni na buibui wakavu waliowekewa watoto wa nyigu. Nikaondoa wote, nikafuta, nikairudisha oveni mahali pake, nikafungua madirisha, nikawasha. Moto ukatoka wa buluu! Nikapiga makofi peke yangu kama mjinga. Haukukaa. Ulipungua, ukawa shanga ndogo ndogo kwenye matundu, ukafa.

Hapo ndipo nataka unisikilize. Mkono wangu ulikuwa tayari na njiti. Mlango uko wazi, nikajiambia, hewa ipo, washa tu, saa zinakwenda, Sista atakuja. Kila kitu cha Didia kilikuwa kinanipigia kelele, moto umekufa, moto umekufa. Nikakitazama kiberiti. Nikafunga koki. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, mahali pako, nikaimba. Sauti yangu unaijua. Mbwa wa Bwana alibweka, nikaendelea mpaka kipokeo cha mwisho, polepole, na sikuuharakisha.

Nilipotulia ndipo akili ikaja. Vumbi la ule udongo nililobomoa mwenyewe lilikuwa limeingia kwenye kitundu cha shaba, kile chembamba cha kutolea gesi. Nikakifungua, nikakipuliza, nikakizibua kwa unywele wa ufagio, kwa kuwa wewe ndiye uliyenikataza sindano, ukasema itapanua tundu. Nikarudisha. Nikapima kwa povu tena. Nikawasha. Na ndiyo hii inayowaka tangu nilipoanza barua. Nimeufungua mlango wake nikaufunga kwa kishindo, kama unavyoufunga wewe ukiwa na hasira. Haikuzima.

Kwa hiyo haya ndiyo niliyonayo ya kukupa, na si mengi. Huko uendako vitu vitazima. Oveni itazima, maana kule upepo wa mbuga hauna adabu. Na watu pia, mtu mliyekuwa mkicheka naye ataamka siku moja amekununia, au kazi utaichoka uone huipendi tena. Ukiwa mtoto wangu utataka kuruka nayo hapo hapo, upulize, ulazimishe iwake. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote, na wewe umeyaona, na kovu lake unalo mkononi. Bora ufanye vile ulivyonifunza wewe mwenyewe kwenye ngazi, hata kama watu wanatazama saa.

Na kama yote yatakufa kabisa huko, urudi. Usikae ugenini kwa sababu ya kuogopa jinsi watu watakavyokupokea njiani. Mimi nilisimama kwenye ua wa adui wa baba yangu na kigae mkononi, na sikufa. Kwako huu si ua wa jirani. Mimi sitakuuliza kwa sauti, na mama yako akiuliza nitamkanyaga mguu.

Nitakukumbuka sana. Niliandika sentensi nyingine hapa nikaikata, ilikuwa ya kujificha. Nitakukumbuka sana, na naogopa, na hiyo ndiyo sababu yote ya kelele za Jumapili. Mkono wako ukiuma wakati wa baridi, upake samli ya nyumbani, mama yako ameificha kwenye kapu lako chini ya kanga.

Kunakucha. Jogoo wa nyumba za chini wameanza, na nasikia mtu anawasha lori kule gereji, linakataa, linakohoa, naye anapiga stati tena na tena bila kupumzika. Huyo naye angekaa kwenye ngazi kidogo.

Oveni haipakiwi ikiwa ya moto, kwa hiyo inabidi izimwe sasa ipoe kabla Sista hajaja. Utamwashia wewe mbele yake, itawaka, usiwe na wasiwasi. Nilifikiri nimwite Mzee Ramadhani aje anizimie. Tangu nizaliwe sijawahi kuzima moto unaowaka vizuri. Lakini hii ni kazi yangu.

Minza, nilisema mlikuchukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo. Sasa nasema kwa maandishi, ili nisije nikageuka tena: ndiyo. Nenda.

Nimefunga koki. Imezima. Madirisha yote yako wazi, nami nimekaa kwenye ngazi. Njoo uichukue.

Baba yako